Malewa ya Sipi matamu, ya nyumbani kwangu yanagoma. Shida ni nini?

#1 MwalimuTororo
Habari za jioni wakuu. Swali langu ni la malewa, yale machipukizi ya mwanzi tunayokula huku, ila lazima nianze na safari la sivyo hamtanielewa.

Jumamosi ya juzi mi na mke wangu tulienda Sipi ya Mbale kuona maporomoko. Tunatimiza miaka tisa ya ndoa na hatujawahi kutoka pamoja mahali ambapo hakuna maiti wala bibi harusi. Watoto tukawaacha kwa bibi yao, saa kumi na mbili asubuhi tuko ndani ya taksi. Mbale tumeshuka tukala roleksi pale stendi, mayai mawili chapati moja, kabichi na nyanya ndani, moto mpaka unaihamisha mkono huu mkono huu. Mama watoto akasema siku ikianza hivi imeanza vizuri.

Sipi tukapata kijana gaidi wa kututembeza, tukazunguka maporomoko yote matatu na lile kubwa la mita 300 tukafika mpaka chini, ule mvuke unakulowesha kama umesimama kwenye mvua. Ndala moja ya mke wangu ilibaki kwenye matope, tukaitafuta kama dakika ishirini. Njaa ikashika. Tukaingia hoteli moja yenye mandhari, tukaagiza chipsi na kuku, saa nzima, wanatuletea chipsi zimepoa zimejikunja kama vidole vya mtu aliyekaa majini. Tukalipa tukaondoka na njaa yetu.

Kijana akatuonea huruma akatupeleka kwa mama mmoja jirani yao, Mugisu aliyeolewa huko. Akatupakulia malewa ya njugu (karanga) juu ya matooke, zile ndizi za kupika. Wakuu. Mi nimekula malewa toka utotoni, lakini yale yalikuwa kitu kingine, laini, yana moshi kwa mbali, njugu imetoa mafuta yake juu, na utamu fulani sijui niuite nini. Mke wangu ambaye si mtu wa kuongeza chakula aliongeza mara mbili. Halafu kahawa ya kutwanga kwenye kinu.

Sasa: tulivyorudi tukapitia soko la Mbale tukanunua malewa makavu fungu mbili na njugu nyekundu. Tumepika mara tatu. Mara ya kwanza machungu, mara ya pili magumu kama kamba ya ng'ombe, mara ya tatu yanalika lakini hayana kitu. Mke wangu anasema ni maji ya kule. Mimi nasema ilikuwa njaa tu. Tuamulieni maana humu ndani hatuelewani.

#2 Sabiny_Halisi
Karibu mwalimu ila kwanza nikunyooshe. Hakuna Sipi ya Mbale. Sipi iko Kapchorwa, Mbale mmepita tu mkala chapati. Pili mita 300 umezitoa wapi? Lile kubwa ni kama mita 100, hayo mengine mawili ni mafupi kuliko hilo. Tatu umekuja kwetu Sebei ukala chakula cha Wagisu halafu unatusifia sisi, haya asante tunapokea. Siku nyingine omba ugali na maziwa ya kibuyu uone.

Na jina Sipi wazee wanasema limetoka kwa mmea unaitwa sep, unaota kandokando ya mto, una majani kama ya mgomba, zamani walikuwa wanautumia kama dawa.

#3 DerevaMbale
Ni njaa. Uzi ufungwe.

#4 MamaPacha
Mwalimu mzima unaandika "kijana gaidi wa kututembeza" 😂😂 nimesoma mara mbili nikadhani mlitekwa

#5 MwalimuTororo
@MamaPacha hapa kwetu ndo tunawaita hivyo jamani, sasa niandikeje?

#6 MamaPacha
Kiongozi. Mwongozaji. Polisi wasije wakakutafuta na mkeo kama mashahidi.

#7 MasaabaDamu
Mulembe wote. Ngoja mwenye chakula aongee.

Mwalimu kosa lako liko kabla ya sufuria kukaa motoni. Malewa ni machipukizi ya mwanzi wa mlimani, yale machanga yanayotoka ardhini msimu wa mvua, si mizizi kama watu wa Kampala wanavyodhani. Wanapanda juu msituni kwenye hifadhi, wanalala huko, wanayakausha kwa moshi palepale ndo wanashuka nayo. Babu yangu akishuka alikuwa ananuka moshi wiki nzima, bibi anamwambia kalale na mbuzi.

Sasa kuyapika. Unaloweka usiku kucha. Asubuhi unakata ile sehemu ya chini ngumu unatupa, usihurumie. Unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena. Halafu, na hapa ndo nina uhakika nyinyi hamkufanya, unatia maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharage, majivu yake unaweka kwenye chombo chenye matundu chini, unamimina maji juu yanachuja polepole yanatoka ya rangi ya chai. Hayo ndo yanalainisha. Njugu inaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga upande mmoja mpaka mafuta yapande. Mama yangu ukikoroga huku na huku anakunyang'anya mwiko.

Kwa hiyo maji yapo kwenye jibu lakini si maji ya mto. Ni majivu.

#8 Kijana_wa_Jinja
Kwani malewa si ile pombe ya ulezi mnakaa duara mnanyonya na mirija mirefu? Sasa juu ya matooke inakaaje?

#9 MasaabaDamu
@Kijana_wa_Jinja hiyo ni MALWA. Herufi moja tu imekutofautisha na watu. Rudi kwenye samaki wako.

#10 Kijana_wa_Jinja
Nimerudi 🏃🏾

#11 FizikiaKidogo
Mnasahau kimo. Sipi iko juu kama mita 1,775 kutoka usawa wa bahari. Kule maji yanachemka kabla hayajafika digrii 100, yako kama 94 hivi. Chakula kinaiva kwa moto wa upole kwa muda mrefu, ladha haiungui. Hii ni sayansi, si mambo ya bibi.

#12 HesabuHazidanganyi
@FizikiaKidogo kidogo kweli. Tororo nayo haiko pwani, iko mita 1,100 na kitu. Kila mita 300 ukipanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kama digrii moja. Tofauti ya Tororo na Sipi ni digrii mbili. Mbili! Hakuna ulimi unaoonja digrii mbili. Tena kwa hoja yako malewa ya Sipi ndo yangekuwa magumu zaidi maana yamepikwa kwa maji ya moto mdogo, na mwalimu anasema ya kwake ndo kamba.

#13 FizikiaKidogo
Nimesema MUDA MREFU. Mama wa kijijini anaweka sufuria asubuhi anaenda shamba anarudi. Mwalimu ana sigiri na mkaa wa kupima.

#14 MwalimuTororo
Mkaa wa kupima kweli sikatai. Ila mara ya tatu tulipika masaa manne, mkaa uliisha nikaongeza mbao za kitanda kibovu.

#15 Shangazi_Busia
Wanangu hamjambo. Mnazunguka sana. Mwalimu njugu ulizitwanga mbichi au ulizikaanga kwanza?

#16 MwalimuTororo
Shikamoo shangazi. Mbichi, kama binyebwa vya kawaida, ule mchuzi wa njugu.

#17 Shangazi_Busia
Marahaba. Basi ndo hapo. Binyebwa vya mbichi ni vyekundu vyekundu, vizito, vizuri kwa matooke lakini havina harufu. Ukikaanga kwanza mpaka ngozi inapasuka ukiibana na vidole, ukapepeta, ukasaga, ndo unapata ile ya mafuta juu uliyoielezea. Watu wa kaskazini wanachanganya na simsim, yaani ufuta, wanaita odii. Huyo mama nakuhakikishia alikaanga na huenda alitia simsim kidogo, ule "utamu sijui niuite nini" uite simsim. Mimi nimeuza njugu sokoni miaka kumi na minne, nikinusa mkono wa mtu najua amekaanga au hakukaanga.

#18 MasaabaDamu
Shangazi kwa heshima zote, malewa yenye simsim huku kwetu ni kumkosea mzee.

#19 Shangazi_Busia
Kwa heshima zote na wewe, mzee alale.

#20 DerevaMbale
Njaa nasema.

#21 Mwana_wa_Bududa
Mi nitatetea maji ya mama watoto kidogo. Huu mlima wetu wa Elgon ni volkano, udongo wake mweusi ule ndo unatoa kahawa na kabichi kubwa kama kichwa cha ndama. Maji yanayopita humo yanabeba chumvichumvi za mle ndani, tena bado yana joto la volkano.

#22 HesabuHazidanganyi
@Mwana_wa_Bududa joto la volkano gani? Elgon ilikufa zamani sana, juu pale Wagagai mita 4,321 watu wanavaa makoti mawili. Ulishawahi kuoga kwenye maji ya Sipi? Yaliniondolea dhambi zote. Hiyo ya udongo nakupa nusu.

#23 Mwana_wa_Bududa
Nachukua nusu yangu. Ila na wewe uchungu wa mara ya kwanza umeueleza vipi? Mimi nimesoma kwamba mwanzi mchanga una sumu ya asili, jamii ya sianidi kama ile ya muhogo mchungu, ndo maana lazima uchemshe na kumwaga. Mwalimu hukumwaga maji ya kwanza, sema kweli.

#24 MwalimuTororo
Mara ya kwanza… hatukumwaga. Nilidhani tunamwaga vitamini.

#25 MasaabaDamu
NILISEMA #7. Watu hawasomi. Umempikia mkeo sumu siku ya maadhimisho ya ndoa.

#26 MamaPacha
Gaidi kumbe alikuwa nyumbani 😭😂

#27 Sabiny_Halisi
Hii nimecheka nikiwa kwenye taksi watu wananitazama.

Ila turudi kwenye kahawa maana mwalimu ameipita haraka na kwangu hiyo ndo ilikuwa chakula cha maana siku ile. Ilikuwaje?

#28 MwalimuTororo
Kahawa hiyo ndugu yangu. Yule mama alitoa kahawa ya kijani kwenye kikopo, akaikaangia kwenye sufuria nyeusi bila mafuta juu ya mafiga, akawa anaitikisa, inapasuka pah pah kama bisi zilizoshiba. Moshi ukajaa jiko lote macho yanatoka machozi. Ilivyokuwa rangi ya ngozi yangu akaiepua, akasema ikifika rangi ya sufuria umechelewa. Kijana akaitwanga kwenye kinu, mke wangu naye akapewa mchi akajaribu, nusu akamwaga chini, mama akaziokota punje moja moja wala hakukasirika. Ikachemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Sikutia sukari na mimi ni mtu wa vijiko vinne.

#29 Mwana_wa_Bududa
Hapo umenigusa. Baba yangu amelima kahawa maisha yake yote, anapeleka kwa ushirika, anajua bei ya kilo kuliko siku zetu za kuzaliwa. Na nyumbani tumekua tunakunywa chai ya majani. Chai! Kahawa ilikuwa ada ya shule, haikuwa kinywaji. Mara ya kwanza nakunywa kahawa ya Bugisu nilikuwa Kampala nina miaka 24, nimeuziwa kikombe kimoja kwa bei ambayo baba angepata kwa mfuko. Nikampigia simu nikamwambia mzee kumbe ni tamu. Akaniuliza, nini?

#30 Sabiny_Halisi
Hata kwetu hivyo hivyo. Hawa watalii ndo wametufundisha kunywa mali yetu. Ila nyie mnaopanda huku na ndala mnatuaibisha. Ni kilima hichohicho Joshua Cheptegei alikuwa anakimbia asubuhi, akaenda kuchukua dhahabu ya mita 5,000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris 2024, mwalimu anatembea kidogo anaacha kiatu matopeni.

#31 MwalimuTororo
Kilikuwa cha mke wangu!

#32 MkeWaMwalimu
Habari zenu. Nimetumiwa huu uzi na dada yangu wa Soroti, mume wangu hakuniambia kama ananishtaki kwa taifa.

Kwanza ndala ilikuwa yake. Mimi nilivaa raba. Ile ndala ya bluu iliyobaki kwenye matope ni ya kwake na alirudi Tororo na mguu mmoja una mfuko wa plastiki, muulizeni kama anakana.

Pili hatukutafuta dakika ishirini, tulitafuta mpaka yule kijana akaanza kuimba.

Tatu mimi sikusema "maji ya kule" nikimaanisha maji ya mto. Nilimuuliza yule mama jikoni wakati mume wangu yuko nje anapiga picha maporomoko, akanionyesha chungu cha maji kimefunikwa na jani la mgomba, akasema haya ndo yanapikia. Niliyaona ni ya rangi. Sasa nasoma #7 ya MasaabaDamu naelewa yalikuwa ya majivu. Nilimwambia mume wangu "ni yale maji" akanicheka, akasema maji ni maji. Kwa hiyo.

#33 MasaabaDamu
ASANTE SHEMEJI. Kesi imekwisha.

#34 Shangazi_Busia
Mwanangu, na njugu je? Ulimwona akikaanga?

#35 MkeWaMwalimu
Shikamoo shangazi. Njugu zilikuwa zimeshasagwa, lakini kikaango kilikuwa kimegeuzwa juu ya jiwe kina ngozi ngozi nyekundu.

#36 Shangazi_Busia
Marahaba. Kesi haijaisha.

#37 MamaPacha
Hakuna mtu anayesema lililo wazi? Hawa watu wana miaka tisa hawajawahi kukaa bila watoto. Mngempa mwalimu hata muhogo wa jana siku ile angeandika uzi. Mi na baba pacha tulienda maporomoko ya Ssezibwa mara moja kabla sijazaa, njiani tukasimama Namawojjolo tukala kuku wa kijiti na gonja, ile ndizi ya kuchoma, mpaka leo nikipita na basi nakunja shingo natafuta yule kuku. Nimeshamla tena mara nne. Kuku ni yuleyule, aliyebadilika ni baba pacha.

#38 DerevaMbale
Hiyo nayo ni njaa, ya namna nyingine.

#39 Kijana_wa_Jinja
😂😂 Dereva leo umeongea. Na mimi nasema Jinja kwenye chanzo cha Nile samaki mnayemla pale mbele ya maji hafanani na yuleyule ukimbeba nyumbani. Mama yangu anauza wote wawili, anajua kwamba ni samaki mmoja. Anasema wa pale bei iko juu na bado wanamsifia.

#40 Katibu_Kata
Samahani nachomeka jambo. Wanaotaka kwenda baada ya kusoma hapa, angalieni miezi. Mvua ikikolea huo upande si wa mchezo, Novemba 2024 Bulambuli udongo ulishuka ukafunika nyumba na watu. Njia za kushuka kwenye poromoko kubwa zinateleza na ngazi za mbao zinalowa. Ukiambiwa na wenyeji leo tusiende, usibishe kwa sababu umeshalipa nauli.

#41 Sabiny_Halisi
Kweli kabisa Katibu. Tunapoteza watu wetu kila mara, asiwepo mgeni wa kuongeza.

#42 DerevaMbale
Mi niko njia ya Kapchorwa kila siku. Dada @MkeWaMwalimu nitakuletea jerikeni ya lita tano ya maji ya Sipi, bure, mpike tumalize ubishi. Mkipika na maji ya bomba na mkapika na hayo, tutajua.

#43 MkeWaMwalimu
Ubarikiwe kaka. Basi Jumapili tunapika sufuria tatu. Moja majivu na njugu mbichi kama anavyotaka MasaabaDamu, moja njugu ya kukaanga bila majivu ya shangazi, moja maji ya Sipi bila kitu kingine. Baba mkwe yuko hapa, hajui lolote, yeye ndo ataonja.

#44 FizikiaKidogo
Na kimo mtakiwekaje?

#45 HesabuHazidanganyi
Mpandeni kwenye Mwamba wa Tororo na sufuria yako kichwani.

#46 MwalimuTororo
Ripoti ya Jumapili. Majivu ya maharage tulipata kwa jirani, nimeyachuja mwenyewe kwenye kopo nililotoboa na msumari, yanadondoka tone moja moja kama mtu aliyekwazwa. Sufuria ya majivu: laini kweli, kwa mara ya kwanza meno hayakufanya kazi. Sufuria ya shangazi: magumu kiasi ila harufu ilimleta jirani mpaka mlangoni. Mke wangu anasema ya majivu ndo yenyewe ya Sipi. Mimi naona ya shangazi iko karibu zaidi. Mtoto wa pili amekataa zote, ameomba yai.

Mzee amekula zote mbili, amelamba sahani, akauliza chakula kinaletwa saa ngapi.

#47 MasaabaDamu
Changanyeni majivu na njugu ya kukaanga basi, sijasema mimi.

#48 Shangazi_Busia
Nimekusikia mwanangu. Nimeipiga picha.

#49 MamaPacha
Na sufuria ya tatu? Maji ya Sipi?

#50 MwalimuTororo
Muulizeni DerevaMbale.

#51 DerevaMbale
Ndugu zangu nisameheni. Maji niliyateka vizuri kabisa, asubuhi, nikafunga na kifuniko. Kufika Sironko rejeta ikaanza kuchemka, inavuja toka mwezi uliopita, na gari imejaa abiria na viazi. Yakaingia yote.

#52 MkeWaMwalimu
Lita tano zote??

#53 DerevaMbale
Ilikuwa na kiu dada.

#54 FizikiaKidogo
Ilichemka kwenye digrii ngapi?